Mto Wenye Ukingo Mmoja

Katika ofisi yetu mto Lhubiriha una ukingo mmoja tu. Angalia mchoro uliobandikwa ukutani, nyuma ya meza ya meneja: kulia ni Uganda, na kila kitu kipo, barabara ya Bwera, maduka, choo cha soko, hata mti mmoja mmoja umewekewa alama yake. Katikati ni mto. Kushoto, Kongo inakoanzia, karatasi ni nyeupe. Na kwa kuwa mchoraji hapendi kupoteza nafasi, kwenye weupe huo ndipo alipoweka kile kisanduku chenye jina la mradi, kipimo cha ramani na sahihi za wakubwa. Mimi ni injinia wa maji, na kisanduku hicho nimekitazama tangu nilipoanza kazi hapa. Chini yake ndipo ilipokuwa nyumba ya dada yangu.

Watu wa mbali wakisikia neno mpaka hufikiria ukuta. Kwetu mpaka ni maji yanayofika magotini wakati wa kiangazi. Lugha ni moja, iite Lhukonzo huku au Kinande kule; harusi zinavuka, misiba inavuka, mbuzi ndio wanaovuka kuliko wote. Dada yangu alivuka kwa ndoa nikiwa bado shuleni, nami nikazoea kumwita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa ng'ambo. Alilima kahawa na michikichi, na siku za soko alikuja upande wetu na mtungi wa mafuta ya mawese mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso.

Mume wake alipofariki walimzika nyuma ya jiko, ndani ya kahawa. Walikuwa na mabinti tu, wote wameolewa. Kwa wakwe zake ilieleweka hivi, ingawa hakuna aliyewahi kuisema mezani: mjane asiye na mtoto wa kiume anakaa pale kwa sababu analinda kaburi la mume na kulima shamba linalolizunguka. Akiliacha kaburi, ameacha na ardhi. Shemeji zake hawakuwa watu wabaya, lakini walikuwa na vijana waliofikia kuoa, na ardhi haizai ardhi. Walisubiri. Dada alijua wanasubiri, kwa hiyo lile kaburi alilipalilia kuliko maharage yake.

Mwaka mmoja mvua ilikula kipande cha barabara na vibanda kadhaa upande wetu. Wafanyabiashara wakapiga kelele, na walikuwa na haki. Ofisi ikaamua kujenga gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe na kupangwa ngazi kwa ngazi kando ya maji. Sasa, kila injinia wa maji, hata yule aliyefaulu kwa kubahatisha, anajua kwamba mto ukigonga mawe haulali usingizi. Unakwenda kugonga kwingine. Na Lhubiriha ulikuwa tayari umebanwa, maana katikati yake palikuwa na kisiwa cha changarawe kilichokuwa kikikua kila msimu. Ukiuzuia upande wa kulia, haukuwa na pa kwenda isipokuwa kushoto, kwenye kahawa ya dada.

Nilimweleza meneja. Meneja wetu ni mtu wa kazi kweli. Baba yake alitoka Kenya kufuata kazi ya saruji, akawalea watoto wake Kasese, na Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao kilichochanganyika na cha kwetu. Hali rushwa, hachelewi, na ukimpelekea hoja anaisikiliza mpaka mwisho. Ningependa awe mjinga au mwizi, ningepata mtu wa kumchukia nikalala vizuri.

"Injinia, hiyo maneno yako ni ya maana sana," aliniambia. "Lakini si unajua tunaenda semina? Hiyo ndiyo kitu watafundisha. Ngoja twende wote tusikie."

Semina ilifanyika Kasese mjini, katika ukumbi wa hoteli wenye feni zinazozunguka bila kupoza kitu. Tulialikwa mainjinia na mameneja, watu wa maji, wa barabara, wa misitu, na mada ilikuwa kufikiri kwa mifumo: kwamba usitazame kitu kimoja peke yake, tazama kinavyoshikana na vingine. Nitasema kweli, ilikuwa semina nzuri. Mwezeshaji, mama mmoja aliyetoka Kampala, hakutusomea maandishi yaliyoko ukutani kama wengine. Alitusimamisha duara, akapitisha kamba ya katani mikononi mwetu wote, na kila mmoja akampa kitu cha kuwa. Huyu msitu wa juu ya Kilembe. Huyu shamba la mteremkoni. Huyu mchimba mchanga. Meneja wetu akawa mvuvi wa Kasenyi, kule ziwani. Mwezeshaji akamwambia mtu wa msitu avute kamba, na meneja akapepesuka huko mwisho akakaribia kuanguka.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasimama na kueleza jambo lile vizuri kuliko mwezeshaji mwenyewe, jinsi mti unaokatwa mlimani unavyokuwa tope mjini na tope la mjini linavyokuwa nyavu tupu ziwani. Watu walimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilifikiri dada yangu amepona.

Mchana tukaambiwa kila ofisi ichore tatizo lake na iweke mpaka wa mfumo wake: nini kimo, nini hakimo. Meneja akachukua kalamu ya wino mzito, akachora Lhubiriha, halafu akapiga mstari mweusi katikati ya maji kutoka juu mpaka chini. Niliinua mkono. Nikasema mto hauna nusu. Mawe ya ukingo huu ni mafuriko ya ukingo ule, na ukingo ule una watu. Sikumtaja dada, maana ningemtaja wangesema naleta mambo ya nyumbani.

Hakuna aliyenipinga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Injinia amesema ukweli mtupu," meneja aliwaambia. "Mto ni moja. Lakini ng'ambo si eneo yetu ya kazi. Nikiandika ng'ambo kwa ripoti, wataniuliza nimefika huko na ruhusa ya nani." Mwezeshaji akatuokoa kwa vijikaratasi vya kubandika. Ukutani palikuwa na safu tatu: tunayoweza kubadilisha, tunayoweza kushawishi, na yaliyo nje ya uwezo wetu. Niliandika "ukingo wa pili" kwa herufi kubwa. Wakajadili kwa adabu sana, kama watu walioshiba, na wakakubaliana kijikaratasi changu kiende safu ya tatu. Nilikaa pale mpaka chai ya jioni nikimtazama dada yangu amebandikwa kati ya "hali ya hewa" na "siasa". Kabla ya kutawanyika tulipewa vyeti, tukapiga picha. Cheti changu kipo. Kinasema nina ujuzi.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, wahenga walishasema, na hawakuhitaji semina. Lakini sikukata tamaa siku ile. Niliwaza kama sisi hatuna ruhusa ya kufika ng'ambo, ng'ambo wana injinia wao. Dada alimjua, maana injinia huyo alinunua mafuta kwake. Basi siku moja ya soko alituketisha katika kihoteli kimoja kidogo upande wetu, penye samaki wa Katunguru na ugali wa muhogo, akatuagizia chakula na kuketi kando kutusikiliza.

Nilimpenda yule bwana mara moja. Alikuja na mchoro wake umekunjwa chini ya kwapa, kama nilivyokuja na wangu. Tukasogeza sahani, tukaikunjua michoro yote miwili sambamba. Wake ulikuwa na kila kitu cha Kongo, nyumba, vichochoro, michikichi, na nyumba ya dada ikiwa kijisanduku safi chenye namba. Upande wetu ulikuwa mweupe, na kwenye weupe huo wamechora mshale wa kaskazini na kugonga muhuri wa biro, yaani ofisi yao. Tulicheka sana. Tukajaribu kuiunganisha mito miwili iwe mmoja, ikakataa. Wake ulipimwa masika, wetu kiangazi, na kile kisiwa cha changarawe kilikuwa kwenye wangu tu.

Tulielewana kabla samaki hajapoa. Tatizo lilikuwa changarawe. Ondoa kile kisiwa, mto upate nafasi katikati, na hakuna ukingo utakaohitaji mawe mengi. Katapila moja ingemaliza kazi hiyo kiangazi kimoja. Ila kisiwa kilikuwa katikati kabisa, na katikati ndiyo mpaka. Mashine yetu ikigusa pale, askari wao wataona tunahamisha nchi. Mashine yao ikigusa, askari wetu vilevile.

"Na sisi balitupatia formasio," alisema, yaani nao walipewa mafunzo. "Ile ya kusema vitu vyote iko inashikamana. Ilikuwa muzuri. Mi naelewa, shefu naelewa, na shefu wa shefu naelewa. Haina mutu hata moja mwenye haelewi."

"Sasa?" nilimuuliza.

"Sasa banatuuliza tu, mumejenga metre ngapi."

Dada aliyesikiliza muda wote akauliza ni lini katapila itakuja. Tulitazamana, mimi na yule bwana, kama wanafunzi walioulizwa swali. Yeye ndiye aliyejibu, akasema, "Mama, tutaandika raporo." Waliandika, na sisi tuliandika. Ripoti yetu ilisifiwa kwa uchambuzi wake.

Ujenzi ulianza. Mara ya mwisho nilimwomba meneja asogeze gabioni nyuma, zikae mbali na maji, mto ubaki na mahali pa kupanukia. Akaniita nje ya ofisi tuzungumze, ili nisiaibike mbele ya watu. "Injinia, nikirudi nyuma natoa maduka. Nikitoa maduka, hakuna mradi. Na mimi napimwa, si wewe peke yako uko na mtu juu yako." Nilijua anasema kweli. Wengine huniuliza kwa nini sikuacha kazi. Ningeacha angekuja injinia mwingine, na huyo angejenga vibaya, ukuta ungeanguka, tungepoteza kingo zote mbili. Sijutii. Nina hasira, na hasira si majuto.

Nilivuka nikamwambia dada mwenyewe. Tulikaa nyuma ya jiko, yeye akimenya muhogo. "Yaya, maji yatakuja kwako. Si msimu huu pengine, lakini yatakuja. Hama mapema."

"Nihame niende wapi?" alisema bila kuacha kumenya. "Nikitoka hapa, shemeji batasema nimeacha mutu wao. Batagawanya shamba mbele ya jua kuzama. Nitakuwa nani?"

Nikampa ushauri wa kiinjinia. Nikamwambia apande matete na mianzi kwenye ukingo, mizizi ishike udongo. Alipanda. Aliamka kila siku kuyamwagilia, na yalishika vizuri, yakawa marefu. Nilipokuwa kazini upande wetu nikisimamia wapanga mawe, nilimwona ameinama pale na ndoo, na ukuta wetu ukipanda ngazi nyingine. Ilikuwa kazi safi. Mawe yalikaa kama meno. Sijawahi kuona gabioni nzuri kama zile wilayani kote.

Maji yalikuja Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana hakufa mtu. Hayakupita kwenye ukingo aliopanda mianzi. Mto ulipanda juu zaidi, ukakata njia mpya ndani ya boma lake, ukapita kati ya jiko na nyumba. Nyumba ilikwenda. Michikichi ya upande ule ilikwenda. Maji yalipotulia, mto wa zamani ulikuwa umejaa mawe na mchanga, karibu ukauke, na mto mpya ulikuwa unapita kule nyumba ilikokuwa. Katikati pakabaki kipande cha kahawa, jiko lisilo na paa, na kaburi la shemeji yangu. Kipande hicho sasa kilikuwa kimeshikana na upande wetu. Mume wa dada alikuwa amezikwa Kongo, na bila kuamka alikuwa amehamia Uganda.

Shemeji zake walikaa kikao. Walikuwa wapole, dada alinihadithia. Wakamwambia: mama, sisi tulikuweka hapa kwa ajili ya ndugu yetu. Sasa ndugu yetu iko ng'ambo. Mufuate. Wakamsaidia kubeba godoro mpaka kwenye maji.

Hivyo akaja kukaa kwangu Bwera. Siku ya kwanza alipotaka kwenda kupalilia kaburi, askari wetu aliyekuwa analinda ukingo mpya alimzuia. "Wewe mama, simama hapo. Barua ya ruhusa iko wapi?" Alimwambia anakwenda kwa mume wake. Askari akamuuliza mume ni raia wa wapi. Ni swali gumu, hata mimi sijui. Nilikwenda na kitambulisho changu cha kazi, nikamwita afande, afande, mpaka akaturuhusu kwa saa moja.

Kisha kikaja kikao cha tathmini. Meneja alisimama na mchoro mpya, uliopimwa upya, akaonyesha kipande kile na kusema mradi ulikuwa na matokeo ambayo hayakutarajiwa lakini ni mazuri: ardhi imeongezeka. Maneno yale alijifunza kule kwenye kamba ya katani. Niliwaambia katika hiyo ardhi kuna kaburi, na aliyemo ndani ni shemeji yangu. Meneja alikuja kunipa pole baada ya kikao, akanishika mkono kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Wala sikuuondoa mkono wangu, maana nilimwamini.

Nilipofika nyumbani jioni ile dada alikuwa akipepeta mchele uani. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, halafu akauliza kama mto mpya bado unakula udongo. Nikamwambia ndiyo, unakula, kila mvua unakula kidogo upande wa kaburi.

"Basi mujenge pale," alisema. "Muweke mawe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaketi chini kwenye mkeka na kumwambia polepole, kama ninavyomwambia mtu ambaye hajawahi kuona mto. Tukiweka mawe upande huu, maji yatahamia upande ule. Shemeji zake wako juu, watasalimika. Mtu wa kwanza kwenye njia ya maji ni mama mmoja jirani wake wa kule, aliyebeba mafuta mgongoni pamoja na dada njia moja tangu walipoolewa. Ndiye aliyemzalisha dada mabinti wote. Na ndiye aliyempa kitenge cha kujifunika Jumapili ile, nyumba ilipokwenda.

"Najua," dada alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, jambo nililolipeleka ofisini halikukwama popote. Meneja alifurahi kwamba mwananchi mwenyewe ameomba. Ardhi ilihitaji kulindwa hata hivyo, na wakubwa walikubali ndani ya wiki. Dada alikuja siku mawe ya kwanza yalipopakuliwa. Alifunga kitenge kiunoni, akaingia kwenye mstari wa wapanga mawe, akaanza kupokea na kupitisha. Ng'ambo yule mama jirani alikuwa ametoka na kusimama kwenye ukingo wake, mikono ametia nyuma, anatutazama. Nilimwambia dada, mtazame mwenzako, walau mpungie mkono.

Dada hakugeuka. Alipokea jiwe lingine, akalipitisha.

"Naye aombe mawe kwa serikali yake," alisema.